Kuondoka au kubaki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuhamia nchi nyingine

Niliishi ugenini miaka 11 kabla ya kurudi, na tangu nirudi haupiti mwezi bila mtu kuniuliza jambo kuhusu safari. Anayeuliza mara nyingi ameshaamua nusunusu, anatafuta wa kumsukuma au wa kumzuia. Hapa sitafanya lolote kati ya hayo mawili. Nimekusanya maswali yanayojirudia na kuyajibu kama ninavyomjibu ndugu yangu wa tumbo moja.

Nitajuaje kama niondoke au nibaki?

Swali hilo likiwa tupu namna hiyo halijibiki. Hakuna mtu anayehamia "nje". Mtu huhamia mji fulani, kwa kazi fulani, kwa kibali cha aina fulani chenye tarehe ya kuisha, akalala katika chumba chenye kodi yake. Kama hujaweza kuvitaja vyote hivyo, bado unalinganisha maisha unayoyajua mpaka mifupani na picha tu. Picha haiugui, haidaiwi kodi, wala haifiwi.

Na "kubaki" nako si kitu kimoja. Kubaki ukifanya nini? Watu wengi huchukua ughaibuni wa kesho, uliopangwa kwa miezi, uliokopewa pesa, uliosomewa mitihani, wakaulinganisha na nyumbani kwa leo ambako hawajapapanga hata kidogo. Mizani hiyo imepinda tangu mwanzo, lazima iangukie upande wa safari.

Mimi humwambia mtu achukue karatasi aandike Jumanne moja ya kawaida, mwaka wa 3 tangu aondoke: anaamka saa ngapi, anafanya kazi gani, anakula na nani, kiasi gani kimebaki mfukoni. Kisha aandike Jumanne hiyohiyo akiwa amebaki, lakini awe amezitumia hapa pesa zilezile na juhudi zilezile alizotaka kuzitia kwenye safari. Ukiziweka Jumanne hizo mbili pamoja, hapo ndipo unaanza kupima. Karatasi hiyo itunze, nitairudia.

Kila mtu anaondoka. Nikibaki si nitabaki peke yangu?

Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2024 watu milioni 304 walikuwa wanaishi nje ya nchi walikozaliwa. Ni wengi, lakini ni asilimia 3.7 tu ya watu wote duniani. Yaani kati ya watu 100, zaidi ya 96 wako katika nchi walikozaliwa.

Hata hivyo sitaki kukudanganya. Safari hazigawanyiki sawasawa: kuna taaluma, kuna koo, kuna madarasa mazima ya chuo yanayohama karibu yote. Kama wewe ni muuguzi au mtaalamu wa kompyuta, huenda kweli simu yako imejaa namba za nje. Upweke wa anayebaki upo, na mara chache unasemwa.

Si haki yangu kwenda ninakotaka?

Nusu yake. Ibara ya 13 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, la mwaka 1948, inampa kila mtu haki ya kutoka katika nchi yoyote, hata yake mwenyewe, na haki ya kurudi nchini mwake. Haisemi popote kwamba ana haki ya kuingia katika nchi nyingine. Mlango wa kutokea ni wako, wa kuingilia ni wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba hubadili kitasa atakapo.

Mfano ni Uingereza. Mpaka mwisho wa 2023 wanafunzi wa shahada ya uzamili waliruhusiwa kwenda na familia zao. Kuanzia Januari 2024 wengi wao wakakatazwa, isipokuwa wa kozi za utafiti. Julai 2025 mlango wa wahudumu wa wazee na wagonjwa majumbani walioajiriwa moja kwa moja kutoka nje nao ukafungwa. Marekani nako, viza za H-1B za wataalamu zina kikomo cha 85,000 kwa mwaka, na waombaji wakizidi hupigwa bahati nasibu. Mtu anaweza kuwa na sifa zote na mwajiri akamtaka, akakosa kwa kura tu. Ndiyo maana ushauri wa aliyesafiri miaka mitano iliyopita, hata awe mkweli namna gani, ni wa zamani. Soma tovuti ya serikali ya nchi unayoiendea, wiki hiyohiyo unayotuma maombi.

Mshahara wa kule ni mara kumi ya wangu. Kuna la kufikiria tena?

Lipo. Ni mara kumi unapoingia, si mara kumi unaobaki mkononi.

Kabla hujaugusa, mshahara ule hukatwa kodi ya mapato na michango ya hifadhi ya jamii. Kisha kodi ya nyumba, ambayo katika miji mikubwa ya ughaibuni inaweza kumeza nusu ya kilichobaki. Kisha nauli, bima, na gharama ya kupasha nyumba joto miezi ya baridi. Halafu kuna ada ambazo mwenyeji hazijui kabisa: Uingereza, wahamiaji wengi hutozwa tozo ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka kwa kila mtu mzima, tena kwa kipindi chote cha viza kwa mkupuo. Viza ya miaka mitano ni pauni 5,175 kabla hata ya ada ya viza yenyewe. Ujerumani, mwanafunzi anatakiwa aonyeshe fedha za kujikimu mwaka mzima, na tangu Septemba 2024 kiwango ni yuro 11,904, kwa kawaida katika akaunti iliyofungwa inayomtolea sehemu ndogo kila mwezi.

Lakini gharama inayowashangaza watu kuliko zote haimo katika jedwali lolote. Nyumbani kuna kazi nyingi usizolipia kwa sababu watu wako wanazifanya: mtoto analelewa na bibi yake, ukiugua kuna anayekuletea chakula, ukihama kuna vijana wanakubebea vyombo. Ugenini kila mojawapo ya hayo ina bei, na malezi ya mtoto mdogo pekee yanaweza kula mshahara wa mzazi mmoja. Nimeona wenzi wawili ambao mmoja alifanya kazi usiku na mwingine mchana miaka minne ili tu mtoto asipelekwe kituo cha kulelea watoto. Walikuwa wanakutana mlangoni.

Kwa hiyo hesabu namba moja tu: akiba kwa mwezi, baada ya yote, pamoja na zile utakazotuma nyumbani. Na kutuma nako kuna makato. Kwa takwimu za Benki ya Dunia, wastani wa gharama ya kutuma dola 200 umekuwa zaidi ya asilimia 6, ilhali nchi za dunia zilikubaliana ushuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030.

Sisemi hailipi. Mwaka 2023 pesa zilizotumwa na wahamiaji kwenda nchi za kipato cha chini na cha kati zilizidi dola bilioni 650, na nyuma ya kiasi hicho kuna ada za shule, nyumba na matibabu ambayo yasingepatikana kwa njia nyingine. Inalipa kwa wengi. Inalipa zaidi kwa aliyekwenda akijua namba yake.

Digrii yangu itatambuliwa?

Inategemea fani kuliko chuo. Programu za kompyuta ni programu za kompyuta popote. Udaktari, uuguzi, uanasheria, ualimu na baadhi ya kazi za uhandisi zina leseni, na leseni kwa kawaida haivuki mpaka. Daktari aendaye Marekani atafanya mitihani ya USMLE kisha atafute nafasi ya mafunzo ya miaka kadhaa hata kama nyumbani alikuwa bingwa. Muuguzi atakutana na NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi. Vyeti vya lugha kama IELTS kwa kawaida huhesabika miaka miwili tu, kwa hiyo ukivifanya mapema mno unaweza kuvilipia mara mbili.

Hapo katikati ndipo watu "hubeba boksi": hufanya kazi za ghala, usafi na ulinzi huku wakisubiri kutambuliwa. Kazi yoyote ya halali ni heshima, na mimi nimezifanya. Hatari yake ni muda. Miaka mitatu ya kupanga mizigo usiku hukuacha huna nguvu ya kusomea mtihani mchana, na ujuzi usiotumika hupata kutu. Ukipanga kupita njia hiyo, jiwekee tarehe ya kutoka humo kabla hujaingia.

Wakala amenitafutia kazi, anataka malipo. Ni sawa?

Msimamo wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), tangu Mkataba namba 181 wa mwaka 1997, ni kwamba gharama za kuajiri zisibebwe na mfanyakazi. Si kila nchi imeuridhia, na wengi hulipa kwa sababu hawaoni njia nyingine. Basi angalau uwe na mambo haya kichwani: uliza kama wakala amesajiliwa na wizara ya kazi ya nchi yako, usikubali jibu lake mwenyewe; upate mkataba katika lugha unayoielewa kabla ya kupanda ndege; na ukifika ukapewa mkataba mwingine wenye mshahara mdogo, jua huo ni udanganyifu unaojulikana.

Usimpe mtu pasipoti yako akutunzie. ILO inahesabu kuzuiwa kwa hati za mtu kuwa mojawapo ya dalili za kazi ya kulazimishwa. Uwe mwangalifu zaidi kwa kazi za ndani katika nchi zenye mfumo wa kafala, ambao humfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja. Qatar mwaka 2020 iliondoa sharti la ridhaa ya mwajiri wa zamani ili kubadili kazi, na ni hatua kubwa, lakini mtu anayefanya kazi ndani ya nyumba ya mtu, bila simu wala siku ya mapumziko, sheria nzuri humfikia kwa shida. Andika namba ya ubalozi wa nchi yako kwenye nguo ikibidi. Ukikamatwa, Mkataba wa Vienna wa 1963 unakupa haki ya kutaka ubalozi wako ujulishwe.

Je, nikienda na viza ya matembezi nikabaki hukohuko?

Watu hufanya hivyo, na wapo ambao hatimaye walipata makaratasi. Niseme tu ninachokiona: mtu asiye na makaratasi hawezi kurudi kumzika mama yake. Hilo ndilo huvunja watu, kuliko ubaridi, kuliko kazi. Kwa sheria ya Marekani ya 1996, aliyezidisha muda kwa zaidi ya siku 180 kisha akatoka anaweza kuzuiwa kuingia kwa miaka 3, na aliyezidisha mwaka mmoja au zaidi, miaka 10. Kutoka ndiko kunakofunga mlango, basi mtu hatoki. Anakaa miaka 15 katika mji ule akiogopa kila sare.

Wapo pia wanaofikiria "kujilipua", yaani kuomba hifadhi kwa maelezo ya kubuni. Anayekimbia mateso ya kweli ana haki ya kuomba hifadhi na asione haya. Anayebuni hujifunga kwa uongo atakaoubeba hadi ndani ya ndoa na hati za watoto wake, na humpunguzia imani yule anayekuja nyuma yake akiwa na makovu halisi.

Kuhusu jangwa na mashua sina maneno mengi. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) liliandika vifo zaidi ya 8,900 katika njia za uhamiaji duniani mwaka 2024, idadi kubwa kuliko mwaka wowote tangu lianze kuhesabu 2014. Hao ni waliojulikana. Usiende.

Wazazi wangu nitawaachaje?

Hili ndilo swali ambalo watu huliuliza mwisho, wakiwa wameshasimama kuaga.

Piga hesabu isiyopendeza. Mama yako ana miaka 64, utakuwa unarudi mara moja kila miaka miwili, akijaliwa kufika 80. Ni mara nane. Wiki tatu kila mara. Sikuandika hivyo ili kukuliza. Nimeandika kwa sababu mimi sikuifanya hesabu hiyo, nikajikuta namwona baba yangu mara tatu tu katika miaka yake tisa ya mwisho, na kila mara alikuwa mzee kuliko nilivyojiandaa.

Simu husaidia, lakini mgonjwa husafisha sauti kabla ya kuipokea. Wataficha ugonjwa wasikutie hofu, nawe utaficha kuachishwa kazi usiwatie hofu, mpaka mnakuwa watu wawili wanaotumiana taarifa njema tu. Dawa ninayoijua ni kumteua mtu mmoja nyumbani, dada au binamu, ambaye mmekubaliana atakuambia ukweli hata uwe mchungu. Na uwe na nauli ya dharura iliyokaa peke yake, isiyoguswa hata kwa ada ya mtoto wa ndugu.

Na wanangu?

Wakienda wadogo watashika lugha ya kule haraka kuliko wewe, na baada ya miaka michache watakuwa wakalimani wako hospitalini. Wakishafika ujana, kurudi kwako kutakuwa kuhamia kwao. Wengi wanaosema "nitarudi miaka mitano ijayo" hukwama hapo, si kwenye pesa. Kama kweli unataka kurudi, urudi kabla mkubwa hajaanza sekondari, na uongee nao lugha ya nyumbani kila siku, hata wakijibu kwa nyingine.

Mimi ni mhudumu wa afya. Kuondoka si kuisaliti nchi yangu?

Wewe binafsi, hapana. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipitisha mwaka 2010 kanuni ya kimataifa ya kuajiri wahudumu wa afya, na mwaka 2023 likaorodhesha nchi 55 zenye uhaba mkubwa ambako nchi nyingine hazitakiwi kwenda kuvuna wauguzi na madaktari kwa kampeni. Kanuni hiyo inawahusu waajiri na serikali. Haimkatazi mtu mmoja mmoja kutafuta maisha. Muuguzi asiyelipwa miezi mitatu hana deni la uzalendo kwa anayemnyima mshahara. Lakini nakuomba usijidanganye kwamba pengo lako halitaonekana. Litaonekana wodini, usiku. Ukibeba yote mawili kichwani utaamua kama mtu mzima.

Vipi uraia na pensheni?

Uraia: zinahesabika sheria za nchi zote mbili. Ujerumani tangu Juni 2024 inaruhusu uraia zaidi ya mmoja. Japani na China haziruhusu. India hairuhusu lakini inawapa wenye asili yake kitambulisho maalumu cha kuingia na kuishi. Uliza kwenu unapoteza nini ukichukua pasipoti ya pili: ardhi, kura, urithi.

Pensheni watu huisahau kabisa. Marekani kwa kawaida inahitaji takriban miaka 10 ya michango, Ujerumani angalau miaka 5. Ukiondoka mwezi wa 58 unaweza kukosa ambacho miezi miwili zaidi ingekupa. Na ile michango ya nyumbani usiiache ife kama sheria inakuruhusu kuchangia kwa hiari.

Kubaki si kukubali kushindwa?

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo huwa inatupwa kumnyamazisha mtu, lakini mimi naisoma hivi: mbacha nao ni wa kulalia, si wa kukunjwa pembeni ukisubiri.

Kinachowaumiza wanaobaki, kwa nilivyoona, ni kubaki kwa kungoja. Kijana hapangi nyumba nzuri kwa sababu "niko njiani". Haanzishi biashara, haoi, hasomi kozi ya hapa, haungani na chama chochote cha akiba, kwa sababu viza iko karibu. Miaka sita inapita. Viza haikuja, na maisha nayo hayakuanza. Hilo ni hasara kubwa kuliko kunyimwa viza yenyewe, na halina wa kumlaumu. Ukiomba, weka kikomo: maombi mawili, au tarehe fulani. Na wakati unasubiri, ishi kama mtu anayebaki.

Tena kubaki kuna faida zisizosafirishika. Unajua wa kumwona. Jina la baba yako lina uzito mahali. Lugha unayoota ndiyo unayofanyia kazi, na kichekesho chako kinachekwa. Ugenini nilikuwa mtu mpole asiye na maneno. Nyumbani ndipo nilipokumbuka kwamba mimi ni msemaji.

Nikirudi bila kitu watanionaje?

Wengine watasema, kwa miezi kama sita, kisha watapata jingine la kusema. Aibu hiyo imewaweka watu ughaibuni miaka kumi ya ziada, wakizidi kuzeeka kwa ajili ya majirani. Kurudi si ajabu katika historia ya uhamaji: katika wimbi kubwa la Waitaliano waliovuka kwenda Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, sehemu kubwa walirudi kwao. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kinachotakiwa ni urudi kwa kupanga: njoo kwanza miezi miwili bila kutangaza, ukae kama mkazi si kama mgeni wa likizo, uone bei, foleni za ofisi na ahadi za watu zikoje sasa. Nyumbani ulikokuacha kumehama nako.

Nimeamua. Nianze na lipi?

Kama unaondoka: pata nakala zilizothibitishwa za cheti cha kuzaliwa, cha ndoa na vya shule, kwa sababu kuvitafuta ukiwa mbali ni mateso. Mpe mtu unayemwamini mamlaka ya kisheria ya kukuwakilisha, kwa mambo yaliyotajwa na kwa muda maalumu, si yote milele. Usiuze kiwanja cha mwisho. Kaa na ndugu mkubaliane kiasi utakachotuma kila mwezi na utaanza lini, kabla hawajaona picha ya kwanza ya theluji. Na tenga nauli ya kurudi siku ileile unayokata ya kwenda.

Kama unabaki: ile hela ya viza, ya mitihani na ya tiketi usiiache iyeyuke taratibu kwa matumizi madogo. Itoe karatasi yako, soma Jumanne ile ya mwaka wa 3 uliyoiandika upande wa nyumbani, na mwezi huuhuu uilipie hatua yake ya kwanza.